Mama Upawa Anunua Pawa

Kwa miaka ishirini na saba alipikia watu mia sita kila siku ya Mungu, na hakuna siku hata moja chakula kilipelea. Kubaki kilibaki, tena mara nyingi, lakini kupelea, hapana. Mkuu wa shule mmoja aliyependa mahesabu aliwahi kumwita ofisini akamuuliza kwa nini anatoa stoo mchele wa watu mia saba ilhali wanafunzi wa bweni ni mia sita.

"Mwalimu," akajibu, "hao mia sita ni walioandikwa. Kuna na wanaorudia."

Mkuu akafunga daftari.

Wanafunzi walimwita Mama Upawa, kwa sababu ya upawa wake wenye mpini mrefu ambao hakuna mpishi mwingine aliyethubutu kuugusa. Jina hilo likamfuata hadi sokoni, likamfuata hadi kwenye foleni ya hospitali, mpaka jina alilopewa na wazazi likabaki la kuandikia fomu tu. Alipostaafu, shule ilimpa saa ya ukutani na upawa uleule, umepakwa rangi ya dhahabu. Saa aliitundika sebuleni. Upawa aliusugua kwa mchanga hadi dhahabu ikatoka yote, akaendelea kupikia.

Mumewe naye alikuwa na jina lake la kazini. Aliendesha malori miaka thelathini na minane, na kila alipokaribia mteremko alisimama, akashuka, akakagua breki kwa mkono wake mwenyewe, akapanda tena. Madereva vijana walimpita wakipiga honi za dhihaka. Wakamwita Breki, na kadiri mvi zilivyoongezeka wakamwita Mzee Breki. Lakini lori lake halikuwahi kulala ubavu. Kilichomtoa barabarani ni goti la kushoto, lile la klachi.

Sasa fikiria mtu aliyekuwa akionekana nyumbani siku nne kwa mwezi, ghafla yupo siku zote thelathini. Mwezi wa kwanza Mama Upawa alifurahi. Mwezi wa pili mzee alianza kumfuata jikoni, akimfundisha namna ya kupanga masufuria kwenye rafu ili mzigo usiegemee upande mmoja.

"Masufuria yangu hayajawahi kupinduka," Mama Upawa alimwambia. "Na hayaendi popote."

Aliyewaokoa ni binti yao wa pekee, aliyeolewa mji wa jirani. Aliwaletea kompyuta yake ya zamani, usukani wa plastiki unaobanwa kwenye meza pamoja na pedali zake, na gemu ya kuendesha malori. Tangu siku hiyo kila asubuhi baada ya chai Mzee Breki alivaa kofia yake ya kazi, akaaga, akaingia chumba cha binti kilichokuwa hatua sita kutoka jikoni.

"Naondoka."

"Safari njema. Umebeba nini?"

"Saruji."

Saa sita mchana alitoka akinyoosha goti, akapewa pole na safari, akanawa, akala. Hakuna aliyecheka katika mazungumzo hayo, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Mkwe wao, mume wa binti, alikuwa mpima ardhi: mtu mrefu, mpole, asiyeweza kuketi mbele ya mama mkwe wake bila kubana magoti kama mwanafunzi. Kazini alichora ramani kwa kompyuta, na alipobadilisha kadi ya grafiki, yaani kile kifaa kinachochora kila picha unayoiona kwenye skrini, ile ya zamani aliifunga kwenye gazeti akaja nayo.

"Baba, ukiwa na hii utaiona barabara kama kwa macho."

Kadi ilikuwa kubwa kama tofali, ina feni mbili, na ilidai waya mbili za umeme za peke yake. Ndani ya kompyuta kulikuwa na moja tu, tena fupi. Mkwe akatafuta mfukoni, akatoa kiunganishi, akaazima umeme kwenye waya za diski, akachomeka. Ikawaka. Wote wakapiga makofi.

Kesho yake Mzee Breki alimwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

"Njoo uone mvua!"

"Nje kuna jua."

"Njoo, mke wangu."

Akaja akijifuta mikono. Kwenye skrini matone yalikuwa yakiteremka kwenye kioo cha lori, moja moja, yakikutana na kugawanyika, na waipa zikiyafagia. Mbele, taa nyekundu za gari lingine zilichafuka kwenye lami iliyolowa. Mzee akavua kofia. Halafu akasema, "Hivi ndivyo ilivyokuwa." Mama Upawa akasimama pale hadi maharage yakaanza kunuka jikoni.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu, lori likiwa linapanda mlima wa kuingilia mji, kompyuta ikazimika. Hakuna onyo, hakuna mlio. Skrini nyeusi, feni kimya. Mzee akaiwasha, akarudi barabarani, akafika palepale, ikazimika. Basi akafanya kama dereva yeyote mwenye akili angefanya. Akapunguza mzigo. Ikazimika. Akapanda kwa gia ya kwanza, kwa adabu zote. Ikazimika. Akapanda bila mzigo kabisa, trela tupu linagonga kwenye mashimo, na lilipofika juu ikazimika.

"Lori halina nguvu ya mlima," alitangaza mezani.

"Lori lipi? Mle ndani kuna kompyuta."

"Wewe hujui malori."

"Sijui. Nitakaa nione."

Akaingia na ungo wake wa maharage, akaketi kitandani, akachambua huku anatazama. Ilipozimika mara ya pili aliweka ungo chini.

"Mlima umeupanda vizuri. Imezimika ulipouona mji."

"Mji umefanya nini?"

"Rudi tena. Ukifika juu, usiutazame mji. Tazama pembeni, kwenye ule mwamba."

Mzee Breki akarudi. Alipofika kileleni akageuza macho ya dereva pembeni, akaendesha kwa kukisia, akakwangua ukingo wa daraja, lakini kompyuta haikuzimika. Akageuka mbele. Mji ukatokea na mabango yake, magari, taa mia na mvua juu yake. Giza.

"Si mlima," Mama Upawa akasema. "Ukiwa porini kadi inapikia watu kumi. Ukifika mjini, watu mia sita wanapanga foleni kwa mpigo. Sufuria ni kubwa, kuni ni mbili."

"Mimi nasema kadi ni mbovu."

"Shh! Kadi ya mkwe iwe mbovu, utamwambia nani? Zawadi ya mkwe ni kama chakula cha ukweni. Hata kikizidi chumvi, unasema asante."

Na kama vile ukuta una masikio, jioni ileile mkwe akapiga simu. Wangekuja Jumamosi yeye na mkewe. Alikuwa na hamu kubwa ya kuona kadi inavyofanya kazi.

Mzee Breki hakukaa; kama tatizo ni kuni, atazileta yeye. Jumanne alikwenda mwenyewe mjini akarudi na muuzaji wa vifaa vya kompyuta, kijana wa maneno mengi, na boksi lenye picha ya chui. Ndani yake mlikuwa na pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia kila kiungo cha kompyuta. Ubavuni iliandikwa kwa wino mwekundu: WATI 750. Ile iliyokuwamo ilisema mia tano, kwa hiyo hapo, mzee alieleza, umeongeza nusu nzima.

Mama Upawa aliichukua, akaipima mkononi, akaipeleka jikoni kwenye mizani yake. Gramu mia tisa.

"Hii nyepesi."

"Mama, teknolojia," muuzaji akasema. "Vitu vya siku hizi vimepungua uzito."

"Mimi nimepokea magunia miaka ishirini na saba, mwanangu. Kila gunia lililopungua uzito lilikuwa limepungua kitu."

Mzee akamwomba mkewe asimwaibishe mbele ya mgeni. Muuzaji akafunga pawa saplai kwa dakika kumi na tano, akakataa chai, akakataa hata maji, akaondoka kabla kompyuta haijawashwa. Ilipowashwa, feni yake ilivuma hadi jirani akauliza kama wamenunua mashine ya kusaga.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Mama Upawa alisema, lakini alisemea dirishani, ili ieleweke kwamba hajamsema mtu.

Jumatano saa nne asubuhi alisikia pa! Taa ya jikoni ikazimika, na friji ikanyamaza. Kisha Mzee Breki akatoka chumbani taratibu, kofia mkononi, akifuatwa na harufu ya plastiki iliyoungua.

"Nimepata ajali," akasema.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Na mzigo?"

"Mke wangu, usinitanie. Kadi ya watu imo mle ndani."

Hapo hata yeye akaacha utani. Alichomoa waya ukutani, akairudisha swichi kubwa ya nyumba, akafungua madirisha, akavaa viatu. Kompyuta waliifunga kwenye shuka kama mgonjwa. Ile pawa saplai ya zamani, aliyokuwa ameificha uvunguni kwa sababu yeye hatupi kitu, akaitia kwenye kikapu.

Fundi waliyeelekezwa na jirani alikuwa na chumba juu ya duka la viatu, ngazi kumi na nane ambazo goti la mzee lilizihesabu zote. Ndani mlikuwa na meza ndefu, taa ya kuinamisha, na vifuniko vya chupa vimepangwa mstari, kila kimoja na skrubu za aina yake. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani kichwani. Aliinua macho, akayakodoa.

"Mama Upawa!"

"Wewe ni wa nani?"

"Bweni la pili, kitanda cha dirishani. Ulikuwa unanipa ukoko!"

"Ukoko niliwapa wengi."

"Basi wote tunakukumbuka. Karibu, mama. Shikamoo, mzee. Leo Mama Upawa anatafuta nini?"

"Pawa," akajibu, na fundi akacheka hadi miwani ikamwangukia puani.

Alipofungua shuka na kunusa, kicheko kikakatika. Akachomoa kadi, akaigeuza chini ya taa, akapuliza vumbi. Akaichomeka kwenye kompyuta yake ya majaribio. Mzee Breki alitazama kwa uso wa mtu anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji. Feni mbili zikazunguka. Skrini ikawaka.

"Kadi nzima. Mna bahati, pawa saplai nyingine zikilipuka huunguza kila kitu."

Mzee akavuta stuli akaketi bila kukaribishwa.

Fundi akaichukua ile ya chui iliyoungua. "Mama, maandishi makubwa ni ya kumfurahisha mnunuzi. Soma haya madogo. Kadi na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ndio walaji wakubwa, na wote wanakula kwenye mstari wa volti kumi na mbili. Hapa wameandika ampea ishirini na tano. Zidisha upate wati."

Mama Upawa hakuhitaji karatasi. "Kumi na mbili mara ishirini na tano. Mia tatu."

"Mia tatu! Hiyo mia saba na hamsini wameitoa wapi, muulize chui. Na hata hiyo mia tatu siiamini."

Akasoma ya zamani: ampea kumi na nane. "Mia mbili kumi na sita," Mama Upawa akasema, na sauti yake ikapata ukali wa stoo ya shule. "Na kadi yenyewe inataka ngapi?"

"Mia mbili ishirini, peke yake. Prosesa yenu tuseme tisini na tano. Feni, diski na vingine, sitini."

"Mia tatu sabini na tano."

"Ndiyo. Na huu waya," fundi akainua kiunganishi cha mkwe kwa vidole viwili, "huu ni wa kuombaomba umeme. Kadi inataka waya mbili, kila moja itoke kwenye pawa saplai moja kwa moja. Hapa mmefunga ng'ombe kwa uzi wa kushonea. Nani aliyefunga?"

Mume na mke wakatazamana.

"Alikuwa na nia njema," Mama Upawa akasema.

Fundi akaelewa, akakiweka kiunganishi kando kwa heshima zaidi. Akatoa rafuni maboksi matatu: wati mia nne na hamsini, mia sita na hamsini, na elfu moja. Mzee Breki akanyoosha mkono papo hapo kwenye la elfu.

"Mzee, ukiwa na kreti mbili za soda, unakodi trela la tairi kumi na nane?"

Mkono ukarudi.

"Basi hii ndogo," akasema. "Mia nne hamsini imeipita mia tatu sabini na tano. Au nimekosea?"

Kabla fundi hajajibu, Mama Upawa akatikisa kichwa. "Hao ni walioandikwa. Je, kadi hairudii?"

Fundi akalirudisha lile dogo rafuni. "Inarudia, mama. Inakurupuka. Kufumba na kufumbua inaweza kutaka mara moja na nusu ya kawaida yake, halafu inatulia. Pawa saplai isiyo na akiba inazima. Na hata isipozima, kitu kinachokimbia mbio zake za mwisho kila siku kinapata joto, kinapiga kelele, kinakufa mapema."

"Kama injini," mzee akasema, amefurahi kupata la kuchangia.

Wakafungua la kati. Maandishi madogo yalisema ampea hamsini na nne. Mama Upawa alifumba macho kidogo. "Mia sita arobaini na nane. Huyu kasema kweli." Akaitoa kwenye boksi, akaipima mkononi, akatabasamu. "Na uzito upo."

"Uzito ni dalili nzuri, mama, lakini usiutegemee peke yake. Nimeshafungua moja nikakuta ndani wametia kipande cha zege."

"Zege!" Mzee Breki akashtuka.

Mama Upawa wala hakushangaa. "Mimi nimeshakuta mawe kwenye mchele," akasema, "tena yamepakwa chokaa yafanane." Akaigeuza pawa saplai upande wa pili, akasoma maandishi yote tena toka mwanzo, pamoja na masharti ya dhamana ya miaka mitano, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Fundi akaifunga mbele yao, akachomeka waya mbili kutoka kwenye pawa saplai yenyewe, akaiacha kompyuta ichore picha nzito kwa saa nzima huku wao wakinywa chai yake. Haikuzimika. Feni yake ilisikika tu ukiinamisha sikio.

Jumamosi binti alibaki jikoni na mama yake akimenya vitunguu, na mkwe akaongozwa chumbani. Baada ya muda Mama Upawa naye akaenda kusimama mlangoni. Mzee Breki alikuwa amevaa kofia. Alipanda mlima na mzigo kamili wa saruji, akafika kileleni, akautazama mji wote usoni. Mvua ilinyesha juu ya taa mia. Lori likateremka, likapita darajani, likaingia mtaani, na mzee akapiga honi ndogo ya ushindi.

"Kadi inaendeleaje, baba?" mkwe akauliza.

"Haina neno," mzee akajibu. "Haijawahi kuwa na neno. Tangu siku ya kwanza."

Mama Upawa akakohoa.

Mkwe akabana magoti. Akaangalia mikono yake. "Kweli? Maana kwangu..." akasita, "kwangu ilikuwa inazimazima. Nikichora ramani kubwa, inazima. Nikadhani ni umeme wa mtaa wetu. Hata hii mpya sasa nayo imeanza. Sikutaka kuwatia wasiwasi."

Waipa za lori zikaendelea kufagia. Mzee Breki aliwasha indiketa, akaegesha pembeni, akavuta breki ya mkono. Ndipo akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na mkwe, asiyejua kosa lake, akacheka kidogo kwa adabu ili asionekane mbishi.

"Mwanangu," Mama Upawa akasema, "pawa saplai yako ina ampea ngapi kwenye volti kumi na mbili?"

"Sijui, mama."

"Ina uzito gani?"

"Sijawahi kuipima, mama."

"Jumatatu utaifungua, utanisomea maandishi madogo kwa simu. Yale makubwa usinisomee. Tena usiiwashe na ramani kubwa kabla hujanipigia."

"Sawa, mama."

Akamweleza yote: mji, mwamba, chui, zege. Kiunganishi hakukitaja. Mkwe aliandika namba za ampea nyuma ya risiti kwa mwandiko wa mtu aliye kwenye mtihani, na simulizi ilipofika kwenye ile ajali akaomba radhi mara tatu, ingawa hakuna aliyekuwa amemlaumu.

Kwa kuwa kiti kilikuwa wazi, mzee akiwa bado anajifuta machozi ya kicheko, Mama Upawa akaketi.

"Hii ndiyo mafuta?"

"Hiyo ndiyo mafuta, lakini ngoja kwanza, mke wangu, taratibu, unatoa breki ya..."

Lori likaruka. Likapita taa nyekundu, likapita duka la maua kwa kukatisha bustani, likaingia kwenye geti la bohari bila geti kufunguliwa. Mzee Breki alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anakanyaga sakafu kwa mguu mbovu kutafuta breki ambayo haikuwapo. Mkwe aligeukia ukutani, mabega yakimtetemeka, kwa maana mtu hamcheki mama mkwe wake. Mvua ilikuwa inanyesha, saruji imetapakaa barabara nzima, na kompyuta inachora kila mfuko mmoja mmoja bila kukwama.

"Nimefika?" Mama Upawa akauliza.